Mwenye Nyekundu Asimame

Katika ofisi ile kulikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa ambazo hakuna aliyezifuata, na moja isiyoandikwa ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kila Jumatatu asubuhi watu wa miradi waliingia chumba cha kikao, kila mmoja akabandika kadi yake ubaoni. Kadi ya kijani ilimaanisha kazi inakwenda vizuri. Ya njano, kuna kitu kinasuasua. Nyekundu, kazi imekwama. Mwenye kijani alikaa akanywa chai. Mwenye njano alikaa, ila chai ilimpita. Mwenye nyekundu alisimama mbele ya wenzake, mikono nyuma, mpaka kikao kiishe.

"Ni kwa faida yenu," Bosi alikuwa akisema. "Mtu aliyesimama hufikiri haraka." Mwenyewe aliyasema hayo akiwa amekaa, kwenye kiti cha ngozi kinachozunguka, wala hakuonekana kuwa na haraka ya kufikiri.

Kilichofuata hata mtoto wa chekechea angekitabiri. Kadi nyekundu zilibaki ndani ya boksi lake, mpya kama zilivyonunuliwa. Miradi iliyokuwa taabani ilikuwa kijani. Mradi mmoja mteja alikwisha kuufuta zamani, nao bado ulikuwa kijani, kwa sababu mwenye nao aliogopa kuinuka kitini. Watu wa ghorofa ile walimwita Bosi "Mama Kijani", lakini kwa kunong'ona, na baada ya kutazama mlangoni.

Aliyekuwa akisimama alikuwa mmoja tu, naye aliitwa Shemeji.

Jina hilo alijiletea mwenyewe. Alikuwa amemwoa mdogo wake Bosi, na kazi aliipata kupitia mgongo wa mkewe, tusidanganyane. Siku ya kwanza aliingia na mkoba begani, akamwona Bosi kwenye korido, akamsalimu kwa furaha ya nyumbani kabisa: "Shemeji, umeamkaje?" Korido nzima ilisikia. Bosi alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Hapa sina shemeji," alimwambia. "Nina wafanyakazi."

Kufikia mchana kila mtu alikuwa anamwita Shemeji, hata mlinzi wa getini, na jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho.

Alikuwa fundi mzuri wa programu, ila kwenye uongo alikuwa mzito. Wengine huzaliwa hivyo, hakuna dawa. Mradi wake ulikuwa mkubwa kuliko yote: mfumo mpya wa kompyuta wa hospitali kuu ya mji, ambayo mpaka wakati huo iliendeshwa kwa kompyuta kuukuu na kadi za karatasi. Yeye alipewa kipande kimoja, kuhamisha tahadhari za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Tahadhari ni zile habari ambazo daktari asipoziona anaweza kuua: huyu asipewe dawa fulani, huyu damu yake haigandi, huyu ana moyo mgonjwa. Na humo ndimo alimokutana na tatizo la tarehe mosi Januari.

Wazee wengi wa mji ule hawakujua siku waliyozaliwa. Walipokwenda kuandikishwa enzi hizo, karani aliwatazama usoni, akakadiria mwaka, na siku akawaandikia wote ile ile, tarehe mosi Januari. Basi mji ukawa na wazee mamia waliozaliwa siku moja, na kwa kuwa majina yao ni yale yale ya mababu na mabibi, walikuwepo waliofanana jina, siku na mwaka. Programu ya kuhamisha taarifa ikiwakuta wawili wa namna hiyo iliamua kuwa ni mtu mmoja. Ilichukua tahadhari za yule aliyeandikishwa mwisho, na za yule wa kwanza ikazifuta. Haikulalamika wala kutoa onyo. Iliendelea na kazi.

Jumatatu Shemeji akabandika nyekundu, akasimama.

"Ni wazee wangapi?" Bosi aliuliza.

"Bado sijajua, Bosi. Ndiyo maana naomba wiki tatu, niwalinganishe kwa namba za kadi, mmoja mmoja."

"Hujui ni wangapi."

"Sijui."

"Basi hiyo si nyekundu. Nyekundu ni jambo unalolijua. Hilo ni wasiwasi wako tu."

"Wahenga walisema wasiwasi ndio akili, Bosi."

"Wahenga hawakuwa na tarehe ya kukabidhi mradi," alisema Bosi, na chumba kizima kikacheka.

Aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi alikuwa kiongozi wa timu, kijana mnene nadhifu aliyeitwa Asali, kwa kuwa habari yoyote iliyopita mdomoni mwake ilitoka tamu. Fundi akisema programu inazimika kila saa, Asali alimpelekea Bosi kwamba kuna maboresho madogo. Bosi aliwapelekea wakurugenzi ghorofa ya juu kwamba tuko hatua za mwisho. Naye Mkurugenzi Mkuu, mzee asiyeipenda habari yenye neno "lakini" ndani yake, alimwambia mteja kwamba tumevuka lengo. Ukimtafuta mwenye uongo huo hukumpata. Kila mmoja aliongeza kijiko kimoja tu cha sukari, akampokeza mwenzake.

Jumatatu iliyofuata Shemeji alisimama tena, na iliyofuata hiyo. Utani ukaota mbawa. Wakamuuliza kama amekuja kuwalinda, kama analipwa kwa saa, kama na nyumbani hulala wima. Siku moja Asali aliona joto, akavua koti lake, akatazama huku na huku akitafuta pa kulitundika, kisha akalitundika begani mwa Shemeji. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi hakucheka wala hakuwakataza, na tabasamu alilificha nyuma ya kikombe. Shemeji alibaki na koti lile begani mpaka mwisho wa kikao, kwa sababu kulitupa chini kungekuwa ugomvi, na mkataba wake ulikuwa wa muda. Tangu hapo koti la Asali lilipata pa kukaa kila Jumatatu.

Fedheha ya ofisini mtu huiacha getini akaenda kwake akavua viatu. Shemeji hakuwa na kwake. Yeye na mkewe walikaa chumba cha uani nyumbani kwa Bosi, kile cha karibu na tangi la maji, na chakula cha jioni walikula nyumba kubwa, kwa kuwa Mama alitaka watoto wake wote meza moja.

Mama huyo, aliyewazaa Bosi na mkewe Shemeji, alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kidonda mguuni kilichokataa kupona. Kila wiki alikwenda kliniki ya hospitali kuu kukisafisha, na alikwenda peke yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa safari yake ya kutembeza habari. Zamani, mabinti zake wakiwa shuleni, alichomwa sindano ya penisilini, koo likamziba, uso ukavimba, akakata kauli. Walimrudisha kwa shida. Tangu siku hiyo kadi yake ya hospitali ilipigwa mstari mwekundu upande wa mbele, na juu yake nesi mmoja akaandika kwa herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI. Manesi walilisoma hilo kabla hata ya kumsalimu, na Mama hakuwahi kulazimika kusema neno.

Alimpenda mkwewe. Hakuna aliyejua kwa nini, labda kwa sababu ndiye pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho wa hadithi.

"Mama, leo mkweo kashikilia koti tena," Bosi alisema jioni moja akichota mchuzi. "Keti basi, shemeji. Huku nyumbani tunakaa."

Mkewe Shemeji aliinamia sahani yake. Mama aliguna. "Mwache mkwe wangu. Mwenye kusimama ndiye anayeona mbali."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Mama, hivi wewe ulizaliwa lini?"

"Mimi? Msimu wa nzige. Mama yangu alikuwa akiwafukuza shambani uchungu ukamshika. Lakini yule karani alikuwa na njaa, akatuzaa wote tarehe mosi Januari, akaenda zake kula!" Mama alicheka mwenyewe, akapiga meza. "Ndiyo maana sipewi zawadi. Dunia nzima inazaliwa siku yangu. Na jina langu pia, mtaa huu tu tuko watatu."

Shemeji hakucheka. Alimtazama Bosi, na Bosi akamtazama yeye. Bosi alielewa. Ubaya wa mwanamke yule haukuwa ujinga, maana mjinga hakuwa hata kidogo.

"Umesikia, shemeji," alisema Shemeji polepole. "Na yeye yumo."

"Mezani sitaki habari za kazi."

"Mfumo ukianza, kadi za karatasi zinaondolewa."

"Manesi wote wanamjua Mama. Kula."

"Mnanisema nini?" Mama aliuliza, akiwageukia mmoja mmoja.

"Nasema tunakuingiza kwenye kompyuta, Mama," Bosi alijibu, na sauti yake ikawa laini, kwa kuwa alimpenda mama yake kweli. "Hutabeba tena ile kadi iliyochakaa. Wewe utakwenda na mguu wako tu, kila kitu watakiona kwenye kioo."

Mama alifurahi kama aliyetangaziwa harusi. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua kwamba binti yake ameitia hospitali kuu ndani ya kompyuta.

Bosi hakumkemea Shemeji tena. Alimwita mdogo wake jikoni, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, mkataba wa mumeo unaisha mradi ukiisha. Nikienda kumwombea ajira ya kudumu, wakurugenzi wataniuliza, ni yule anayesimamaga? Nitawajibu nini?"

"Dada, anasema kuna watu watakufa."

"Kila fundi anasema hivyo. Wakiogopa kazi, wanasingizia vifo. Matatizo yake tutayamaliza toleo la pili la mfumo, mwambie nimeahidi. Na kile chumba cha uani," aliongeza akifuta mikono kwa kitambaa, "kuna mtu anakiulizia. Mimi namwambia ndugu zangu wamo. Nitamwambia hivyo mpaka lini?"

Asubuhi ya Jumatatu mkewe Shemeji alikuwa akimpigia pasi shati. Hakumtazama alipoanza kusema.

"Mume wangu, ulinioa mimi au ulioa ule ubao?"

"Nimekuoa wewe."

"Basi weka kijani."

"Na Mama?"

"Dada amesema watarekebisha. Dada anampenda Mama kuliko mimi na wewe, unalijua hilo. Au unafikiri atamwua mama yake mzazi?" Akamkabidhi shati likiwa bado la moto. "Mimi siwezi kurudisha vyombo kwenye maboksi tena. Siwezi. Nitakuacha."

Shemeji akaenda akaweka kijani.

Ilikuwa sherehe. Walipiga makofi, wengine wakapiga na meza. Asali mwenyewe alimvutia kiti, akakipangusa kwa mkono. Bosi aliinuka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akammiminia chai. "Mnaona?" aliwaambia. "Hakuna kazi isiyowezekana. Kuna watu wagumu tu." Ile hitilafu ya wazee ikapelekwa toleo la pili. Toleo la pili katika ofisi ile lilikuwa kama makaburini: kila kitu kilipelekwa huko kwa heshima zote, na hakuna kilichowahi kurudi.

Wiki ile ile taarifa zilifungwa, zikakabidhiwa hospitali, na fundi yeyote wa kampuni hakuruhusiwa kuzigusa tena. Kilichombakia Shemeji ni mdomo. Jioni moja alimkuta Mama sebuleni, mguu juu ya kigoda, Bosi akiwa kando anasoma simu.

"Mama, ukienda kliniki waambie mwenyewe. Sema, penisilini sichomwi. Kila ukienda, sema."

"Kwani hiyo kompyuta yenu haisemi?"

Shemeji alimtazama Bosi. Bosi hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Inasema, Mama. Kila kitu kiko kijani."

"Umesikia?" Mama alimwambia mkwewe, akimpiga kofi la mapenzi gotini. "Usinitishe bure. Mwanangu hawezi kunitengenezea kitu kibovu."

Hapo ndipo angesema. Angepiga kelele, angevunja kigoda, angelala kizuizini kama ni lazima, lakini yule mama asingelala usiku ule bila kujua. Hakusema. Siku mbili kabla alikuwa ameahidiwa mkataba wa kudumu, na alikwisha kuzoea kukaa. Kiti ni kitamu, asikudanganye mtu.

Mfumo ukaanza. Kadi za karatasi zikafungwa kwenye magunia na kupelekwa stoo. Wiki chache zikapita bila kelele, na Ijumaa moja Bosi akapanda ghorofa ya juu kuwasomea wakurugenzi ripoti ya mwisho ya kufunga mradi, akiwa na Asali wa kumgeuzia picha ukutani. Simu zote ziliachwa kwenye kikapu kwa katibu muhtasi, zimezimwa, ndiyo desturi ya chumba kile.

Ijumaa hiyo hiyo Mama alikuwa kliniki. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka na nesi alikuwa mgeni, binti mwangalifu aliyeonekana kuipenda kazi yake. Daktari alikuwa ameandika sindano.

"Bibi, kuna dawa yoyote inayokudhuru?" aliuliza.

Mama alicheka. Maisha yake yote aliingoja siku ya kuulizwa swali la kujisifia namna ile. "Unaniuliza mimi, mjukuu wangu? Tazama kwenye hiyo kompyuta yako. Aliyeitengeneza nimemzaa mimi kwa tumbo hili, na mkwe wangu ndiye fundi wake."

Nesi alitazama. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na alama kubwa ya kijani, ambayo Bosi aliichagua mwenyewe kwa ukubwa wake na rangi yake, na pembeni yake maneno: Hakuna tahadhari.

"Una uhakika, bibi?"

"Nina uhakika na mwanangu," alisema Mama, akageuka upande achomwe.

Koo lilianza kuziba kabla hajafunga kanga yake vizuri. Madaktari walikuja mbio, wakamchoma dawa nyingine, wakamwekea hewa, na kwa muda ikawa kama anarudi. Kisha akaanza kuzama tena. Daktari akasema waitwe watoto.

Na habari ikaanza safari yake. Nesi, akilia, alimwambia karani wa kompyuta wa hospitali: mfumo wenu umenidanganya, mgonjwa anakufa mikononi mwangu. Karani hakutaka kuonekana mlaumu wa watu, akaipigia kampuni simu na kusema kuna mgonjwa kapata shida, mfumo haukuonyesha tahadhari yake. Aliyepokea simu alikuwa anaogopa kuchafua siku ya kufunga mradi, akamwandikia Asali kwamba hospitali wanauliza kuhusu tahadhari ya mgonjwa mmoja. Karatasi ilipoletwa juu, Asali aliisoma mlangoni, akaichana, akaandika nyingine kwa mwandiko wake mzuri: Swali moja kutoka hospitali. Linashughulikiwa. Hakuna aliyetaja jina la mgonjwa, na hakuna aliyeliuliza.

Bosi aliipitia karatasi ile kwa jicho moja huku akisema, na akaitumia pale pale. "Waheshimiwa, tangu mfumo uanze kazi, tumepokea kutoka hospitali swali moja tu."

"Moja!" Mkurugenzi Mkuu alisema, akapiga makofi, na wote wakapiga.

Chini kwenye meza yake, Shemeji alipokea simu ya mkewe.

"Wamemchoma," mkewe alisema. "Wamemchoma ile ile. Dada hapatikani, simu imezimwa. Mwambie aje sasa hivi, Mama anamwita. Hasemi kingine, anamwita dada tu. Bado anapumua, wahi!"

Hospitali haikuwa mbali. Kwa gari angefika akamkuta. Shemeji alipanda ngazi kwa kukimbia, akampita katibu muhtasi, akafungua mlango bila kubisha. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kujua. Ndani palikuwa na baridi, mapazia mazito, na nyuso zilizogeuka kumtazama kama mtu aliyeingia na viatu vya tope.

"Bosi, naomba neno."

Bosi aliona aibu kwanza, hasira ikafuata. Mbele ya wakurugenzi, mtu huyu! Akajilazimisha kutabasamu. "Waheshimiwa, samahani. Huyu ni fundi wetu mmoja, mtu wa wasiwasi sana." Akamgeukia. "Rangi gani?"

"Bosi, tafadhali, twende nje."

"Nimekuuliza rangi."

"Nyekundu."

"Basi utaratibu unaujua. Nina kurasa mbili tu nimalize."

Wakurugenzi walikwisha kusikia habari za sheria ile ya Jumatatu, na waliipenda. Mkurugenzi Mkuu alicheka kifuani. "Kumbe ndiyo yenyewe! Mwache asimame tuone." Na Asali, aliyetaka na yeye aonekane ana kipaji, alinyanyuka kwenye kona yake, akavua koti, akalitundika begani mwa Shemeji, akalinyoosha mikunjo. Chumba kizima kiliangua kicheko. Safari hii Bosi naye alicheka, hakuficha.

Angeweza kusema. Maneno matatu yalitosha, na pumzi alikuwa nayo. Hata midomo aliifungua, Mkurugenzi Mkuu alimwona. Lakini lile koti lilipomkalia begani, lenye joto la mwili wa mtu mwingine na harufu yake ya marashi, kitu fulani ndani ya Shemeji kilipoa. Machozi yalikauka. Alimpenda yule mama. Alikuwa mama yake pia. Na bado aliweka mikono nyuma, akabana visigino pamoja kama alivyofundishwa, akasimama.

Bosi alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma kuhusu wagonjwa wanaohudumiwa haraka zaidi na makosa yaliyopungua. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Shemeji. Aliitoa, akaisoma akiwa ameiinamisha chini. *Anauliza dada yuko wapi.* Akairudisha. Bosi alifungua ukurasa wa pili, akashukuru timu yake, akashukuru familia yake kwa uvumilivu, akasema mama yake mzazi mwenyewe anatibiwa kwa mfumo huu, na hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo wa imani yake juu ya kazi hii. Hapo makofi yalikuwa marefu. Simu ilitetemeka tena katikati ya makofi hayo. Shemeji aliisoma, akaizima.

Mkurugenzi Mkuu alitangaza mradi umefungwa rasmi, na kwamba Bosi, kwa kazi iliyotukuka, atakaribishwa katika meza ya wakurugenzi. Bosi alishusha pumzi. Aliketi, akanywa maji, uso ukamng'aa. Kwa ule wema unaowajia watu wakishinda, akamkumbuka yule aliyesimama.

"Haya, shemeji wangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu. "Sema sasa. Nyekundu yako ni ipi?"

"Mama alichomwa penisilini kliniki," Shemeji alisema. "Kompyuta ilionyesha hana tahadhari. Amefariki."

Asali alitazama kile kikaratasi chake mezani, kisha akatazama pengine.

"Lini?" Bosi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Sasa hivi. Walipokuwa wanapiga makofi."

"Ulipoingia..."

"Nilipoingia alikuwa anapumua. Alikuwa anakuita wewe."

Mkurugenzi Mkuu alisimama, kwa adabu ya msiba, na mmoja baada ya mwingine wakurugenzi wote wakasimama, vichwa vimeinama. Bosi alishika ukingo wa meza ainuke nao. Hakuweza. Alijaribu tena, akarudi kitini, na kiti kikazunguka kidogo kikamgeuza kumkabili Shemeji.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema. "Kwa nini hukusema?"

Shemeji aliondoa koti la Asali begani, akalikunja vizuri, akaliweka mezani juu ya ripoti.

"Nilisimama, Bosi," alisema.